"Vijana wa Siku Hizi": Lawama Iliyoizidi Umri Mikorosho Yetu



Wale waliohudhuria mkutano wetu uliopita watakumbuka kwamba jambo lililochukua muda mrefu kuliko yote halikuwamo katika ajenda. Tulikuwa tumefikia suala la tangi la maji ya mvua. Mhasibu alikwisha soma hesabu ya michango. Ndipo mwenzetu mmoja, mtu mwenye heshima zake, akasimama na kutamka kwamba yeye hataki senti yake itumike mpaka wanafunzi wa sasa waonyeshe nidhamu. Alisema alipokuwa akiingia lango la shule, vijana watatu walimpita bila kumwamkia. Akapigiwa makofi. Baada yake wakasimama wengine sita. Huyu akalaumu simu, yule akalaumu mitindo ya nywele, mwingine bodaboda, mwingine uvivu wa kushika jembe, na wote kwa pamoja wakawalaumu wazazi wa siku hizi kwamba hawajui kulea. Mwishowe ikaamuliwa suala la tangi lirudishwe kwenye kamati. Liko huko mpaka leo, na mvua za msimu mzima zimemwagika mchangani.

Nami nilikuwa mmojawapo wa waliopiga makofi. Sisemi hivi kwa kujisifu. Lakini nilipokuwa katika basi kurudi Tandahimba nilianza kujiuliza maneno yale nimekwisha yasikia mara ngapi, na kutoka kinywani mwa nani. Ndugu Mhariri alipoomba makala ya historia, nikaona afadhali niandike juu ya hilo kuliko kurudia tena orodha ya walimu wakuu.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1906, moshi wa Majimaji ukiwa haujapoa na misheni ya Masasi ikiwa imechomwa mwaka mmoja tu kabla, alifika huku Mjerumani mmoja mtaalamu wa mila, Karl Weule, kutoka Leipzig. Alipita Masasi, akakaa Newala, akafika Mahuta. Alikuwa na mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupiga picha za sinema, vitu ambavyo hata Ulaya vilikuwa bado vigeni. Alinasa nyimbo, akapiga picha za ngoma, akawauliza wazee habari za jando na unyago, na mwaka 1908 akatoa kitabu. Leo watu wetu wakizitazama picha zile husema, "Tazama, hao ndio watu waliolelewa." Huenda ni kweli. Lakini hebu tupige hesabu. Mwali aliyetoka jandoni mwaka 1906 akiwa na miaka kumi na miwili, kufika mwaka 1950 alikuwa mzee wa miaka hamsini na sita. Kwa maneno mengine, watoto wa picha zile ndio waliokuja kuwa wazee waliowalaumu baba zetu. Nitaeleza.

Kwanza lazima niseme neno juu ya malezi yenyewe, maana vijana wengi wanaosoma gazeti hili wamelelewa mjini na hawajui yalivyokuwa. Katika Uwanda wetu wa Makonde, mtoto alihesabiwa upande wa mama. Baba alikuwapo, alilima, alipendwa, lakini mwenye sauti kubwa juu ya mtoto wa kiume alikuwa mjomba. Mjomba ndiye aliyesema mtoto aingie jandoni lini, ndiye aliyeulizwa mtoto akiharibu, na mali ilikwenda kwa mpwa. Ndiyo maana hata leo mtu wa kusini akimwita mwenzake kwa upendo humwita "njomba", na watu wa Dar es Salaam hutucheka bila kujua wanacheka nini. Jando nalo halikuwa tohara peke yake. Vijana walikaa likumbini muda mrefu, wakifundishwa namna ya kusalimu, ya kukaa na wakubwa, ya kunyamaza, ya kuvumilia njaa na baridi. Mafunzo hayo hayakuwa kazi ya baba wala mama. Yalikuwa kazi ya kijiji.

Sasa utaratibu huu ulianza kuguswa zamani sana kuliko tunavyodhani. Huko Masasi, ambako misheni ya UMCA ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani, alikuja baadaye Padri Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa Askofu wa kwanza wa Masasi. Wamisionari wengi wa wakati ule walitaka jando lipigwe marufuku moja kwa moja. Lucas alikataa. Alisema jando ni shule, na kwamba mtu akivunja shule ya watu bila kuwapa nyingine atakuwa amewaharibia watoto wao. Akaliingiza jando katika Kanisa, likawa na sala, na yale aliyoyaona hayafai akayaondoa. Mwaka 1927 aliandika juu ya faida ya jando katika elimu, na mwaka 1972 mwanahistoria Terence Ranger akachapisha uchunguzi wake juu ya jambo hilo, akionyesha kwamba halikuwa wazo la Mzungu mmoja tu, bali walimu na mapadri Waafrika walikuwa na sauti zao, na hawakukubaliana wote.

Mtu anaweza kumsifu Lucas au kumlaumu. Mimi ninachotaka kuonyesha ni kwamba wale tunaowaita "wazee wa zamani waliolelewa barabara" wengi wao walitoka katika jando lililokwisha badilishwa. Kwa kipimo cha baba zao, walikuwa watoto wa jando nusu.

Niongeze habari ya nyumbani kwetu, maana ndiyo niijuayo zaidi. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa kuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita ile ilitukanyaga vibaya. Mwezi Oktoba 1917 walipigana Mahiwa, na mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck akapita huku kwetu na kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Babu alirudi akiwa hai, jambo ambalo wapagazi wengi hawakulipata. Bibi alinihadithia kwamba aliporudi wajomba zake walimwona ameharibika. Alikuwa anakula amesimama! Kwa wapagazi hapakuwa na muda wa kukaa. Wajomba wakasema, huyu ameacha adabu vitani, na vijana wa siku hizi wote wamekuwa hivi.

Huyo ndiye babu ambaye mwaka 1951, baba yangu alipokimbilia Lindi kukata mkonge, alisimama mbele ya watu na kusema kwamba mtoto wake ameshindwa jembe. Baba aliondoka usiku. Alikuwa manamba kwa miaka mitatu, akarudi na baiskeli moja, mashati mawili na kikohozi. Vijana wengi wa Uwanda walikwenda hivyo hivyo, wengine wakafika hadi Tanga. Wazee walisema wanakimbia kazi. Kazi gani? Kukata mkonge ni kazi ambayo jembe mbele yake ni mapumziko. Walichokimbia ni kodi ya kichwa na umaskini wa kukosa fedha taslimu, maana wakati ule mikorosho ilikuwa bado michache na hata maji watu waliyafuata bondeni. Mradi wa maji ya bomba ulianza miaka ya 1950. Kabla ya hapo mama zetu walishuka na kupanda mteremko na mitungi kichwani, safari ya nusu siku.

Kisha ikaja korosho. Mkorosho wenyewe si mgeni, Wareno waliuleta pwani ya Afrika kutoka Brazili karne nyingi zilizopita, lakini kwa Uwanda wetu ulikuja kuwa zao la fedha hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Na hapa malezi yalibadilika kwa namna ambayo sijaona ikizungumzwa vya kutosha. Muhogo ukiuvuna, shamba linapumzika, unahamia kwingine. Mkorosho haupumziki wala hauhami. Unadumu miaka mingi kuliko ndoa. Baba aliyepanda mikorosho mia mbili akisaidiwa na wanawe hakupenda kufa na kuiacha kwa mpwa aliyekuwa hajapata hata kuipalilia. Polepole mali ikaanza kwenda kwa mtoto. Na mali ilipohama, mamlaka ya kulea nayo ikahama. Mjomba akabaki na heshima ya maneno. Baba akajikuta ameshika kazi ambayo hakufundishwa, maana yeye mwenyewe hakulelewa na baba yake, alilelewa na mjomba. Ninapowasikia watu wakisema "wazazi wa siku hizi hawajui kulea", huwa nakumbuka kwamba kwa akina baba wa huku kwetu kazi hii ina umri wa vizazi viwili au vitatu tu.

Baba yangu alikuwa mmoja wa hao waliopanda. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000, na sehemu kubwa ilitoka huku kusini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nakumbuka tulinunua redio. Kisha ukafika uhamisho wa vijijini. Sina nia ya kuifufua hapa siasa ya wakati ule. Vijiji vilileta shule na zahanati, na mimi ni mtoto wa shule hizo. Lakini mikorosho haikuhamishwa pamoja na watu. Shamba la baba likawa mwendo wa saa tatu kutoka nyumba yetu mpya. Vichaka vikaota, moto ukapita. Bei ya serikali ilikuwa ndogo, malipo yakichelewa. Mnamo mwaka 1979 ukaonekana ugonjwa wa ubwiriunga, ambao huyapaka maua unga mweupe na kuyaua. Kufika msimu wa 1986/87 nchi nzima ilivuna chini ya tani 20,000. Wakati huo huo vilikuwa vimejengwa viwanda vya kubangua, vikiwamo vya Newala na Masasi, na vingine vilikamilika pale ambapo hakuna tena korosho za kutosha kuvilisha.

Mimi nilimaliza Kidato cha Nne shuleni hapa mwaka 1981. Sikuchaguliwa kuendelea. Nilikaa nyumbani miaka mitatu nikipalilia mikorosho isiyozaa. Mwaka 1984 nikamwambia baba nataka kwenda Dar es Salaam. Hakujibu. Jioni aliwaambia wazee waliokuja barazani, nami nikiwa ndani nasikia, kwamba mwanawe wa kusoma ameshindwa jembe. Maneno yale yale, neno kwa neno, aliyoambiwa yeye mwaka 1951. Nauli ya basi nilipewa na mjomba, ambaye alikuwa maskini kuliko baba. Alinipa usiku, akasema, "Njomba, usimwambie mtu."

Dar es Salaam tulikuwa wengi. Tulitoka Newala, Masasi, Lindi, Kilwa. Tuliuza karanga, viberiti, sabuni, halafu mitumba ilipofunguliwa tukauza mitumba. Watu wakatuita Wamachinga. Wapo wasemao jina hili lina asili nyingine, lakini wengi husema limetokana na Wamachinga wa Lindi, na mimi naafiki, kwani nilikuwapo. Halikuwa jina la heshima. Mwaka 1983 ilikwisha tungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na mtu asiye na kitambulisho cha kazi aliweza kukamatwa barabarani kama mzururaji na kurudishwa kwao kulima. Magazetini tulisoma kwamba vijana wa siku hizi wanapenda maisha ya mteremko. Nilikuwa naamka saa kumi usiku. Nilitembea kutoka Manzese hadi Kariakoo na mzigo kichwani. (Jina la Kariakoo, wapo vijana wasiojua, limetokana na kambi ya wapagazi wa Kiingereza wa vita ile ile iliyomfundisha babu kula amesimama. Mjukuu naye alikula hapo amesimama.)

Hakuna gazeti lililotuuliza mikorosho yetu imekufaje.

Siku zilivyokwenda, jina lile likabadilika maana. Mwezi Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na viongozi wakawa wanalitamka neno machinga majukwaani kwa upendo. Tuliozurura tukaitwa wajasiriamali. Baadhi yetu tulijenga nyumba, tukasomesha, tukajiunga na umoja huu wa waliosoma hapa, na mwaka jana tukapiga makofi mtu aliposema vijana wa siku hizi wanakimbia jembe.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba lawama zote ni uongo. Kuamkia si jambo dogo, na mimi kijana akinipita kimya huumia. Yapo pia mambo mapya ambayo wazee wetu hawakuyapata. Lakini mwanahistoria ana wajibu wa kushuku lamentio lolote linalorudiwa na kila kizazi kwa maneno yale yale. Nimekwisha sikia mara nyingi, hata katika mahafali, mgeni rasmi akisoma maneno makali juu ya watoto wapendao anasa na wasioheshimu wakubwa, halafu anasema kwa kishindo kwamba hayo aliyasema Socrates wa Ugiriki. Socrates hakuyasema. Yameandikwa na mwanachuo wa Cambridge, Kenneth John Freeman, katika kitabu juu ya shule za Wagiriki kilichotoka mwaka 1907, alipokuwa akifupisha malalamiko ya watu wa kale. Freeman mwenyewe alikuwa kijana, na alifariki kabla kitabu hakijatoka.

Mwaka 2019 wataalamu wawili wa Marekani, John Protzko na Jonathan Schooler, walitangaza uchunguzi waliowafanyia watu wazima 3,458. Waliona kwamba mtu anayeheshimu sana wakubwa ndiye anayewaona vijana hawana heshima, na mtu apendaye kusoma ndiye anayewaona vijana hawasomi. Kila mtu huwapima watoto kwa kile ambacho yeye anacho. Tena mtu hukumbuka utoto wake kana kwamba alikwisha kuwa hivi alivyo leo. Nikajikumbuka mimi. Kidato cha Pili nilichapwa kwa kutoroka kwenda ngomani Mahuta. Jambo hili sikulitaja mkutanoni.

Kuna na hesabu nyingine tunayoikosea. Tunasema shule za zamani zilitoa watu, na tunamtaja Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso aliyepitia Ndanda. Ni kweli, na tuna haki ya kujivunia. Lakini mwaka 1961 wanafunzi wote wa sekondari Tanganyika nzima hawakuzidi 12,000. Walichujwa mpaka akabaki mmoja kwa wengi. Wale waliochujwa hatukuwaona, kwa hiyo tukadhani hawakuwapo. Baada ya elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, shule za kata zilizoenea miaka ya 2000 na elimu bila ada tangu mwaka 2016, anakuja shuleni mtoto wa kila mtu. Mtukutu aliyekuwa akibaki kijijini sasa ameketi darasani na amevaa sare. Tunamlinganisha yeye na Mkapa, badala ya kumlinganisha na mtukutu mwenzake wa mwaka 1955, ambaye alikuwa anakata mkonge Lindi.

Na je, jembe? Korosho zimerudi. Watafiti wa Naliendele walifanya kazi kubwa, salfa ikajulikana, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna tani zaidi ya 313,000. Lakini nendeni Tandahimba wakati wa kupulizia mkamtazame anayebeba ile mashine mgongoni, kitambaa puani, tangu alfajiri kabla upepo haujaamka. Ni kijana. Anapulizia mikorosho ya mzee kwa malipo ya kila mti. Yeye hana mti. Mikorosho ni ya baba, na baba bado anaishi, Mwenyezi Mungu amzidishie umri. Kijana atapata shamba akiwa na miaka hamsini. Tukimwona katika kijiwe cha bodaboda mwezi wa Machi tunasema anakwepa shamba. Shamba la nani?

Tena bodaboda hiyo mara nyingi amenunuliwa na baba mwenyewe, malipo ya korosho yalipotoka. Hapa nawageukia wazazi wenzangu, na ninasema kwa hasira kidogo. Tunauza korosho kwa kangomba mwezi wa Agosti, kwa bei ya kutupa, kwa sababu hatuna subira ya kungoja mnada. Tunakunywa uraka. Jando tunalifanya wakati wa likizo, siku chache, kwa vipaza sauti na kadi za mchango, na somo likumbini linakuwa fupi kuliko muziki. Msimu wa kulima wengine tunahamia mashamba ya mbali na watoto tunawaacha na bibi yao wa miaka themanini. Mjomba tulimwondolea kazi yake zamani, na wengi wetu sisi akina baba hatujaichukua. Halafu tunashangaa mtoto anapolelewa na simu. Simu tumempa nani?

Wiki tatu baada ya mkutano nilirudi shuleni kwa shughuli nyingine. Nilimwuliza mwalimu aliyekuwa wa zamu siku ile habari za vijana watatu waliompita mwenzetu langoni. Hakuweza kuwajua kwa yakini, na mimi sitaki kuzidisha. Alisema tu kwamba saa ile walioruhusiwa kuwa nje ya darasa ni wa Kidato cha Pili, na walikuwa wametumwa maji, kwa kuwa bomba lilikuwa halijatoa tangu Jumatatu. Ndoo ya lita ishirini, kila mmoja kichwani. Nilikwenda kukipima kwa miguu kile kilima kutoka kisimani hadi jikoni. Kwa miguu yangu ya uzee ni dakika thelathini na tano, mikono mitupu.

Mchango wangu wa tangi nimekwisha mkabidhi mhasibu, nami nimeiandikia kamati barua kuomba suala hilo lirudi mezani katika mkutano ujao likiwa la kwanza, kabla ya salamu na hotuba. Mvua za kwanza huku kwetu hutegemewa mwishoni mwa Novemba. Fundi amesema anahitaji wiki tano.